Aliyeleta Mawe na Aliyeyapanda

Watu wangu, leo nimeaibika mpaka aibu yenyewe ikanionea huruma.

Naandika nikiwa saiba, kile kibanda cha intaneti hapa Kitale, kwenye ile kompyuta ya ukutani ambayo herufi "k" haishiki usipoigonga. Nyumbani hakukaliki. Someni polepole, na mkicheka, chekeni kwa ndani.

Kwa wale walioingia juzi kwenye kikundi chetu hiki cha barua pepe: mimi ni Njoroge. Injinia Njoroge. (Cheti cha uinjinia sina. Cha kidato cha nne ninacho, nilikipata kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na ndevu, na mwalimu wa fizikia aliniambia hajawahi kusahihisha karatasi kama yangu. Hakusema ni kwa uzuri au vipi, na mimi sikuuliza.) Mchana natengeneza redio na pasi za watu. Jioni natengeneza magari ya rimoti ya kupanda mawe.

Sasa usifikirie yale magari ya watoto ya kukimbia sebuleni na kugonga wageni miguu. Haya yetu hayakimbii. Yanatambaa. Gari linapanda jiwe kama mzee anayepanda ngazi: gurudumu moja, linafikiri, gurudumu la pili, linafikiri tena. Dereva anapita peke yake, zamu kwa zamu, na lazima gari lipite katikati ya vigingi viwili viwili tunavyoviita malango, juu ya mawe makubwa kuliko gari lenyewe. Ukirudi nyuma unaandikiwa pointi moja. Ukigusa kigingi, kumi. Mwenye pointi chache ndiye bingwa. Ni mchezo wa subira, bana. Na subira yangu mimi haitoshi hata kuchemsha yai.

Gari langu linaitwa Kinyonga. Nimemjenga miezi mitano. Fremu yake ni alumini ya kifuniko cha sufuria (mama bado anakitafuta). Mota ni ya drili iliyokufa. Gia za nyuma nimezifunga kwa lehemu ili magurudumu yote mawili yasukume pamoja, moja lisije likazunguka hewani huku mwenzake amelala. Ndani ya matairi nimejaza sponji ya godoro ili yabonyee na kukumbatia jiwe. Magurudumu ya mbele nimeyabandika vipande vya risasi, vile vya kubalansi matairi gereji, maana gari la kupanda linataka uzito uwe chini na mbele. Ukiuweka juu linalala chali kama mende. Springi nimezibadilisha mara arobaini. (Sawa, mara nne.) Kufikia wiki iliyopita Kinyonga alikuwa anapanda ukuta wa choo. (Ukuta ulioanguka. Lakini alipanda.)

Shida ilikuwa moja tu: dereva. Rafiki yangu Wafula wa Bungoma, tuliyeagiza naye rimoti pamoja kutoka duka moja Nairobi, aliniambia tangu mwanzo: "Njoro, gari iko sawa. Ni kidole chako kiko na haraka." Na kweli, kila tukifanya mazoezi, kwenye lango la tatu napindua. Kila mara, jamani.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu hizo rimoti, maana ndilo lililonichinja. Yangu na ya Wafula zilitoka boksi moja, zote zinatumia masafa namba nne. Maana yake, ya Wafula inaweza kuendesha gari langu, na yangu lake. Ndiyo sababu kwenye mashindano tuna sheria ya vibanio. Ni kibanio cha kawaida cha kuanikia nguo, kimeandikwa namba. Cha namba nne ni kimoja tu. Kama hujakibana kifuani, huwashi rimoti ya namba nne hata kwa sekunde, hata kwa kujaribu. Rimoti za wengine wote zinakaa mezani, zimezimwa, zikilindwa na mtu mwaminifu.

Mtu mwaminifu wa leo alikuwa Mwalimu Wanyonyi.

Mwalimu Wanyonyi ni baba yake Nekesa. Nekesa ndiye ninayetaka kuoa. Mzee alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, na sasa yuko kwake Kabuchai na mahindi na miwa yake. Mara mbili nimetuma ujumbe niruhusiwe kuleta wazee wetu kwa mazungumzo. Mara mbili amejibu, "Haraka ya nini?" Mwezi jana ndipo akalegeza kamba kidogo. Alimwambia Nekesa aniambie hivi: "Hayo mashindano yao yatakuwa hapa karibu na kwangu. Nataka nimwone huyo kijana akifanya kitu kimoja, polepole, mpaka mwisho. Akimaliza, tutaongea juu ya siku. Asipomaliza, aendelee kucheza."

Mmeelewa uzito? Wenzangu watano walikuwa wanashindania thamosi na blanketi. Mimi nilikuwa nashindania mke.

Basi. Leo asubuhi nimeamka nikiwa mtu mpya. Shati jeupe. Tai nyekundu. (Ndiyo, tai. Kwenye mawe. Mkwe ni mkwe.) Betri kubwa ya Kinyonga nilikuwa nimeichaji. Rimoti ilikuwa mezani sebuleni, imelala tangu jana jioni ndani ya kava yake. Kava hiyo niliishona mwenyewe kwa ngozi ya jaketi la zamani, na mbele nimeandika INJ. NJOROGE kwa uzi mwekundu. Inafunika kila kitu isipokuwa swichi na vijiti viwili vya kuendeshea. Inafunika hata kale kataa kekundu kanakoonyesha kama rimoti iko hai. (Shikilieni hapo.)

Mama alikuwa jikoni, redio imewekwa juu ya kabati inanguruma. Wiki nzima ile redio ilikuwa inanong'ona kama mgonjwa. Leo ilikuwa inatoa sauti ya kanisa zima!

"Mama, redio imepona?"

"Mungu ni mwema," akasema, bila kunitazama. "Enda, utachelewa."

Nikaona ni dalili njema. Hata redio imefufuka! Nikatoka.

Mashindano yalikuwa nyuma ya shule moja upande wa Kabuchai, kwenye mawe ambayo yamekaa pale tangu dunia iwe moto. Tulikuwa madereva sita. Watazamaji walikuwa kama elfu kumi. (Mia hivi. Lakini walikuwa na kelele ya elfu kumi.) Chini ya turubai, Mwalimu Wanyonyi alikuwa amekaa nyuma ya dawati na miwani yake puani, anapokea rimoti zetu kama anasimamia mtihani wa taifa. Alizipanga kwa mstari. Akazinyoosha mstari. Akatuambia, "Hakuna kugusa mpaka uitwe jina. Nikikuona unanyemelea hapa, nakufuta."

Nikampa yangu kwa mikono miwili. Akasoma ule uzi mwekundu.

"Inj. ni nini?"

"Injinia, Mwalimu."

"Hm."

Mwasema hiyo "hm" ni ndogo. Mlikuwa hamjaisikia.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Diwani, na alikuwa afike saa nne asubuhi. Alifika saa saba, akaomba dakika mbili, akachukua arobaini. Sasa sikieni maneno ya Diwani. Alishika ile spika ya mkononi, akaelekeza kidole kwenye mawe, akasema, "Watu wangu, haya mawe mnayoyaona hayakuja hivi hivi! Nimehangaika ofisi kwa ofisi ili vijana wetu wapate uwanja! Mawe ndiyo haya! Wengine huahidi, mimi nimeleta!"

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka nikamshika Wafula bega. Mtu anajisifu kwa kazi ya Mungu! Nikasema kwa sauti, "Huyu hana haya kabisa," na nikageuka, nikakuta Mwalimu Wanyonyi ananitazama juu ya miwani. Nikadhani tunacheka pamoja.

Tukaanza. Wafula alipita wa tatu, akapata pointi kumi na nne, na hiyo ndiyo iliyokuwa bora mpaka hapo. Akarudisha rimoti yake kwa Mwalimu, akanibana kibanio cha namba nne shatini. "Njoro, kidole," akaninong'oneza. "Polepole, bana."

Nikamweka Kinyonga mbele ya lango la kwanza. Nekesa akasimama karibu yangu. Mwamuzi akapuliza filimbi. Nikawasha rimoti, nikasukuma kijiti mbele.

Kinyonga akajongea kama upana wa kidole. Akasimama.

Nikasukuma tena. Kimya. Nikatikisa rimoti. Kimya. Nikaipiga kofi, kofi la kifundi, lile huponya hata televisheni. Kimya!

"Nini?" Nekesa akauliza bila kufungua mdomo.

"Inapasha moto," nikasema.

Kila dereva ana dakika tano tu. Nikaona wazee wetu wakirudi Kitale bila kutoka Kitale. Nikafumba macho, nikamwambia Mungu, kama kuna njia yoyote, yoyote ile, mimi sichagui.

Nikafungua macho, Kinyonga anatembea!

Na si kutembea tu. Alikuwa anapanda jiwe la kwanza kwa upole ambao sijawahi kumpa. Gurudumu la mbele, likapumua. La nyuma, likafuata. Lango la kwanza, safi! Watu wakapiga makofi. Nikarudisha pumzi. Nikatangaza, maana watu wanapenda kuelezwa: "Sasa napinda kulia!"

Kinyonga akapinda kushoto.

"Kulia ya gari!" nikasema. Watu wakaitikia, "Aaa!"

Lango la pili, safi. Hapo pua ikaniwasha. Nikaondoa mkono wa kulia kwenye kijiti, nikajikuna. Kinyonga akapinda vizuri sana kuzunguka jiwe. Nikatazama mkono wangu. Uko puani. Nikaondoa na wa kushoto. Kinyonga akaendelea.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua si mimi. Sikujua ni nani. Nilijua tu si mimi.

Ningesema. Ningeinua mkono nikasema, "Mwamuzi, kuna kasoro." Ni maneno matatu. Lakini nilimwona Nekesa anatabasamu, watu wanashangilia, na Kinyonga anakaribia lango la tatu, lile kaburi langu. Nikajiambia, ngoja apite hili tu, kisha nitasema.

Katikati ya lango la tatu, akasimama. Akakaa. Sekunde tano. Kumi. Watu wakaanza kunong'ona.

"Mota inapoa!" nikatangaza. "Ni utaalamu huo. Anayejua hajui kuharakisha!"

Sekunde ishirini hivi, Kinyonga akaamka, akapita. Bila kugusa kigingi! Watu wakapiga vigelegele. Na mimi, badala ya kusema ukweli kama nilivyoahidi, nikaanza kucheza na vijiti kwa mbwembwe, napinda mabega, natoa ulimi kidogo pembeni kama fundi cherehani.

Baada ya lango la nne ikatokea ajabu. Kinyonga aliacha njia. Akashuka jiwe, akaja moja kwa moja mpaka miguuni pangu, akagonga kiatu changu. Akarudi nyuma. Akagonga tena. Akarudi nyuma tena.

"Pointi mbili!" mwamuzi akaandika.

"Anasalimia mwenye mali!" nikasema. Watu wakacheka, wakapenda. Kinyonga akakaa pale kidogo, ananitazama kama anangoja kitu. Kisha akageuka, akapanda lango la tano, la sita, akamaliza.

Pointi mbili! Wafula kumi na nne, mimi mbili! Haijawahi kutokea kwenye mchezo huu hapa magharibi yote! (Mchezo umeanza mwaka jana.) Nikambeba Kinyonga, nikamkumbatia kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Diwani akanishika mkono, akaweka spika mdomoni pangu. "Kijana, waambie siri."

Jamani, si ningesema tu asante?

Nikasema: "Siri ni kidole! Gari ni chuma tu, kidole ndicho dereva. Nimekaa miezi mitano nikifundisha kidole changu subira. Kuna watu husema masomo ya jioni si masomo. Leo mmeona fizikia ya jioni ikipanda mawe mchana! Kila jiwe nililihesabia. Pale lango la tatu, wengi wangeharakisha. Mimi nilisema, hapana, tulia Njoroge."

Makofi! Nekesa alikuwa anapangusa jicho. Ndipo nikamwona Mwalimu Wanyonyi anatoka chini ya turubai, polepole, mikono nyuma. Nikajua anakuja kunipa siku.

"Kijana," akasema. "Nina swali moja."

"Hata kumi, Mwalimu."

"Pale lango la tatu ulisimama kwa nini?"

"Mota ilikuwa inapoa."

"Kwa muda gani?"

"Kama sekunde ishirini, Mwalimu."

"Hm," akasema. "Mimi pia huchukua kama hivyo kufuta miwani."

Akatoa mikono mgongoni. Alikuwa ameshika rimoti ya Wafula. Akabonyeza kijiti kimoja mbele, kidogo tu, kama anaweka nukta kwenye herufi.

Kinyonga akaamka kifuani pangu.

Mnakumbuka nimevaa tai? Gurudumu la mbele likaishika ncha yake. Na Kinyonga mimi ndiye niliyemjenga: mota ya drili, gia zimefungwa kwa lehemu, hana haraka lakini akishika haachi. Akaanza kupanda tai. Polepole. Ekseli inakula kitambaa, kichwa changu kinashuka. Nikavuta, akavuta. Alinishinda! Pua yangu ikafika kwenye lile tairi lenye sponji ya godoro, na bado anapanda.

"Mwalimu, rudisha nyuma!"

"Mimi? Si rimoti yako ndiyo hiyo, imeandikwa injinia? Rudisha wewe."

"Mwalimu, tafadhali!"

"Nani anaendesha hilo gari?"

"Ni... ni kama kuna hitilafu..."

Akasogeza kijiti tena kidogo. Nikaanza kuona nyota za mchana.

"Nani anaendesha?"

"Ni wewe, Mwalimu!"

"Sikusikii. Wale wa nyuma pia hawasikii."

Diwani, Mungu amsamehe, akanisogezea spika.

"NI WEWE MWALIMUUU!"

Shule nzima ikasikia. Nadhani hata Kimilili walisikia. Ndipo Mwalimu akarudisha kijiti nyuma na Kinyonga akaniachia, tai ikiwa imekunjika kama utumbo wa mbuzi.

Kisha akaeleza watu, taratibu, sauti ileile ya darasa la kwanza. Kwamba alipopokea rimoti ya Wafula alitaka kuhakikisha imezimwa, kama sheria inavyosema. Kwamba alisukuma swichi upande usio wake, ikawaka badala ya kuzimika. Kwamba aligusa kijiti akitafuta namna ya kuizima, akaona gari linatembea. "Nikasema, huyu kijana atapiga kelele sasa hivi kwamba kuna mtu ameingilia. Nikangoja. Hakupiga kelele. Alisema anapinda kulia."

Watu walikuwa wamekaa chini kwa kicheko. Akina mama wengine walikuwa wameshikana.

"Nikamwendea mpaka miguuni," Mwalimu akaendelea. "Nikamgonga kiatu mara mbili, nimpe nafasi aseme. Akasema nini?"

"ANASALIMIA MWENYE MALI!" mia nzima wakajibu kwa pamoja, kama wimbo.

Nekesa alikuwa hapangusi jicho tena. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Wafula akachukua rimoti yangu. "Lakini hii yako iliharibika nini?" Akaivua kava mbele ya watu, akafungua kifuniko cha betri. Betri nane: nne mpya, nne zimepauka na zina mikwaruzo. Mwalimu akaichukua moja kati ya zile nne, akaiinua kwenye jua, akarekebisha miwani.

"Na hii imeumwa na nani?"

Nikaangalia. Alama za meno. Meno mawili ya juu, katikati pana pengo. Jamani, lile pengo nalijua. Lilinilea.

Nikampigia mama. Simu yangu ya tochi haina spika, lakini haikuhitajika. Mama haamini simu, huongea kama anamwita mtu ng'ambo ya shamba.

"Mama, ulitoa betri kwa rimoti yangu?"

"Sikutoa! Nilibadilisha! Nilichukua nne, nikaweka nne. Wizi uko wapi hapo?"

"Mama, zako zilikufa!"

"Zilikufa namna gani, na nimezianika juu ya mabati siku tatu? Nikazitafuna kidogo. Zilikuwa karibu kupona!"

"Lakini mama, leo..."

"Leo kulikuwa na matangazo ya vifo asubuhi! Mtu wetu akifa na mimi sijui, nitaambia watu nini? Ati sikuja matanga kwa sababu mtoto wangu alikuwa anapandisha kigari mawe?"

Ndipo nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mwalimu Wanyonyi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaninyang'anya simu.

"Mama Njoroge? Hapa ni baba yake Nekesa. Ndiyo. Ndiyo. Hapana, hajaumia, ni tai tu... Ni kweli ulichukua?... Umesema vizuri. Wewe angalau ukiulizwa unakubali."

Akatembea na simu yangu mpaka kwenye mawe, akakaa juu ya jiwe, wakaongea. Wakaongea! Wakaongea juu ya mahindi, juu ya mvua, juu ya magoti. Sisi wengine tumesimama. Nikamsogelea Nekesa.

"Nekesa..."

"Usinisalimie, mwenye mali."

"Ningesema. Nilikuwa nangoja lango la tatu lipite."

"Lilipita," akasema. "Na la nne, na la tano, na la sita." Lakini niliona mdomo wake unapigana na kicheko, na kicheko kinakaribia kushinda.

Mwalimu akarudi, akanipa simu yangu imeisha krediti. Akachukua spika kwa Diwani, bila kuomba.

"Leo," akasema, "nimeona watu wawili wa ajabu. Mmoja aliyeleta mawe haya, na mwingine aliyeyapanda."

Diwani aliitazama saa yake, akakumbuka ana mkutano mwingine.

Thamosi na blanketi zilikwenda kwa Mwalimu Wanyonyi. Wafula alijaribu kusema rimoti ni yake kwa hiyo angalau thamosi, akaambiwa akae chini, akakaa.

Nikiwa nakusanya vitu vyangu, Mwalimu akaja. Nikajiandaa kusikia niendelee kucheza.

"Nimeongea na mama yako," akasema. "Wazee wenu watakuja Jumamosi ya pili baada ya mavuno. Tumekubaliana."

"Asante Mwalimu! Asante sana! Naapa nita..."

"Subiri. Siku hiyo mama yako ndiye atakayeongea. Wewe utakaa kando, na ukiulizwa kitu utasema 'ndiyo' au 'sijui'. Basi. Hakuna fizikia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umeanza vizuri." Akanyoosha mkono. "Lete Kinyonga."

"Kinyonga?"

"Mashindano yanayofuata yako Webuye, si ndiyo? Nataka kufanya mazoezi. Miaka yote nimeshika mikono ya watoto wakijifunza kuandika 'a', sijawahi kushika kitu kinachosikiliza kama hiki. Gari umelijenga vizuri, kijana. Hilo ni lako kweli. Dereva ndiye halikuwa naye." Akalichukua, akalifunika na blanketi lake jipya, akaenda nalo kupitia shamba la mahindi, Nekesa nyuma yake amebeba thamosi na rimoti ya Wafula. Nekesa alipofika kwenye kona akageuka, akanipungia. Alikuwa anacheka waziwazi, hana huruma.

Kwa hiyo nimerudi Kitale na tai iliyokunjika na rimoti yangu ya ngozi, isiyo na gari la kuendesha. Mama nimemwacha jikoni, amenisimulia mara sita vile Mwalimu ni mtu mstaarabu. Ile rimoti niliona ameshaifungua tena, amechukua zile betri nne mpya zilizokuwa zimebaki.

Msicheke basi. Redio inasikika mpaka huku saiba.